Mijadala ya redio isiachiwe wanasiasa peke yao

Jumamosi moja nilikuwa Kibwezi, katika mkahawa ulio karibu na kituo cha matatu, nikisubiri gari la kunirudisha Wote. Redio ilikuwa juu ya kabati la vikombe, imefunguliwa sauti hadi barabarani. Kulikuwa na mjadala. Wageni watatu, wote wanasiasa, walikuwa wakizungumzia fedha za kaunti. Mjadala ulikuwa wa Kikamba, lakini kila walipokaribia kiini cha jambo walihamia Kiingereza. Bajeti ya nyongeza, ruzuku yenye masharti, madeni ambayo hayajalipwa: yote hayo yalitajwa kwa Kiingereza, tena kwa haraka, kisha wakarejea katika Kikamba ili kupigana vijembe.

Mzee mmoja aliyeketi mkabala nami, ambaye alikuwa amemsikia mwenye mkahawa akiniita mwalimu, aliniinamia akauliza: "Mwalimu, hawa wamesemaje?" Nilimweleza kwa ufupi kwamba serikali ya kaunti ilitaka kuzihamisha fedha zilizotengewa mradi mmoja na kuzipeleka kwingine, na kwamba mwananchi alikuwa na haki ya kutoa maoni yake kuhusu jambo hilo. Mzee alikoroga chai yake kwa muda. "Kumbe ndilo hilo," alisema. "Mimi nilidhani wanagombana tu."

Mzee huyo hakuwa mjinga. Alikuwa amesikiliza mjadala kwa muda wa saa nzima, katika lugha yake ya mama, kuhusu fedha zake mwenyewe, na asiambulie chochote ila ugomvi. Kosa halikuwa lake. Ningependa leo tulitazame kosa hilo, hasa sisi walimu na wanafunzi, kwa kuwa naamini kwamba sehemu yake ni yetu.

Kwanza, tusiidharau redio. Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na katika sensa ya 2019 ilikuwa na watu 1,136,187. Makueni ilikuwa na watu 987,653. Gazeti likifika mapema Mwingi au Mtito Andei, ni kwa sababu miji hiyo iko kando ya barabara kuu. Aliye Tseikuru au Ikutha hulipata likiwa limepitwa na siku, ama asilipate kabisa. Redio humfikia akiwa anapukuchua mahindi, na siku hizi humfikia kupitia simu iliyo mfukoni mwake. Mwishoni mwa juma, siku ambazo watu wa nyumba moja hukutana baada ya kutawanyika kwa kazi na masomo, mjadala wa redio husikilizwa na baba, mama, nyanya na mwanafunzi kwa pamoja, na kila mmoja akatoa lake. Hakuna darasa nchini lenye wanafunzi wengi kiasi hicho.

Nafasi hii haikupatikana kwa urahisi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru redio nchini ilikuwa ya serikali: Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuzwa kuwa shirika la KBC. Kikamba kilikuwa na saa zake humo, lakini mwananchi alikuwa msikilizaji tu. Nje ya redio nako hakukuwa na nafuu. Hadi sheria ziliporekebishwa mwaka 1997, aliyetaka kuitisha mkutano wa hadhara alilazimika kuomba leseni kwa wakuu wa utawala. Walimu walionitangulia kikazi wanakumbuka jinsi mtu alivyotazama nyuma yake kabla ya kutamka jina la mkubwa ndani ya basi.

Hata wakati huo, hata hivyo, palikuwa na mfano mwema. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alianza kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966. Alichukua tabia ya kila siku, ile ambayo kila mtu ameiona nyumbani au njiani, akaieleza kwa kituo, kisha akamwachia msikilizaji swali. Alizungumzia maadili bila kuhubiri, na utamaduni bila kutumia istilahi za chuo kikuu. Kiswahili chake kilieleweka na mchuuzi wa Mutomo, na profesa naye hakukionea haya. Wanaodhani kwamba fikra nzito haziwezi kujadiliwa redioni mbele ya umma wote wakumbuke kipindi hicho.

Milango ya matangazo ilipofunguliwa, na Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, lugha nyingine zilifuata. Ukambani tukapata Musyi FM, Mbaitu FM, na Mwatu FM ya KBC, pamoja na vituo vingine. Huko Nthongoni, katika upande wa kusini wa Makueni, vikundi vya akina mama vilijiunga pamoja na kuanzisha redio ya kijamii ya Mang'elete, ambayo ilianza kutangaza mwaka 2004. Ilikuwa miongoni mwa redio za kwanza za aina hiyo nchini.

Tuyatafakari majina haya. Musyi ni nyumbani. Mbaitu ni ukoo wetu, watu wetu. Mwatu ni mzinga wa nyuki. Wenye vituo walijua kwamba wanamwita msikilizaji mahali ambapo yeye ni mwenyeji. Nami nikisikia mjadala wa Jumamosi, jina linalonijia ni thome. Wasomaji wasio wa Ukambani wafahamu kwamba thome ni mahali nje ya ua wa boma ambapo wanaume walikusanyika jioni kando ya moto. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakamba mwaka 1920, aliieleza thome kuwa kitovu cha maisha ya boma. Hapo ndipo vijana waliposikia habari, methali na mashauri ya wazee, na hapo ndipo walipojifunza kusema.

Lakini tusiipambe thome kupita kiasi. Ilikuwa ya wanaume. Mama aliyelima na kuteka maji hakuketi kando ya moto ule kutoa rai yake kuhusu mto wala shamba. Redio imeuvunja ua huo. Leo mama wa Zombe anaweza kupiga simu akamsahihisha diwani wake mbele ya kaunti nzima, na kijana wa kidato cha tatu akamuuliza mbunge swali ambalo babake asingethubutu kuliuliza. Kwa hiyo tuna thome pana kuliko ile ya mababu. Swali ni kama inazungumza mambo yenye maana.

Kwa maoni yangu, mijadala mingi ya mwishoni mwa juma ina kasoro mbili kubwa.

Ya kwanza ni wageni wake. Aghalabu wanaoalikwa ni wanasiasa, au wapambe wao, au watu wanaonuia kuwa wanasiasa. Sababu zake zinaeleweka. Mwanasiasa huja bila kubembelezwa, ana wafuasi watakaosikiliza na kupiga simu, na pengine ana kitu mkononi. Nao wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mtaalamu wa maji, muuguzi, mwalimu wa historia au karani anayejua jinsi zabuni zinavyotolewa haji na wafuasi. Matokeo yake ni kwamba saa mbili za Jumamosi hutumiwa kuuliza ni nani atasimama na nani mwaka wa uchaguzi, nani amemsaliti nani, na jamii yetu itaelekea upande upi. Hayo yana nafasi yake. Lakini mkulima wa Kyuso ambaye mbuzi wake wamekufa kwa ukame hapati lolote humo la kumsaidia Jumatatu asubuhi.

Kasoro ya pili ndiyo inayonihusu zaidi kama mwanaisimu, nayo ni ya lugha. Mzee wa Kibwezi aliikuta ana kwa ana. Mjadala husemwa kuwa wa Kikamba, lakini maneno yaliyobeba mzigo wenyewe huachwa katika Kiingereza. Msikilizaji huelewa viunganishi na matusi, nomino hazielewi.

Sisemi kwamba kuchanganya ndimi ni dhambi. Sote tunachanganya, nami nikiwa miongoni mwao. Watu wanaoishi na lugha tatu watazitumia zote tatu, na hakuna amri itakayowazuia. Ninalolalamikia ni pale ambapo mchanganyiko huo unamfungia mtu mlango. Mzungumzaji anapoliacha neno la sheria katika Kiingereza mbele ya watu asiokuwa na hakika kwamba wanakijua, mara nyingi ni kwa sababu yeye mwenyewe hajalielewa vizuri vya kutosha kulieleza. Pengine analielewa, ila hana haja lieleweke.

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba Kikamba hakina maneno ya mambo hayo. Hoja hii haina mashiko. Wakamba ni watu walioyapa majina mabaa yao ya njaa, moja baada ya jingine, wakayatumia majina hayo kuhesabu miaka. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 waliiita Ngomanisye, kwa kuwa haikubakiza mahali. Njaa ya 1961 ikaitwa ya ndeke, yaani ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Na njaa moja ya miaka ya 1980 ikapewa jina la Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nazo mkononi. Fedha zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Mtaalamu wa uchumi angehitaji sura nzima kulieleza jambo hilo. Wakulima walilieleza kwa maneno mawili, na mtoto akalielewa. Lugha yenye uwezo huo haishindwi na bajeti ya nyongeza.

Kiswahili nacho kina funzo la kutupa. Wanafunzi wetu hujifunza ngeli bila kujua kwamba neno lenyewe limetoka katika Kihaya. Vyuo vikuu vina vitivo, neno lililotoka katika Kipare. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, Kizanaki kiliipa Afrika Mashariki nzima neno kung'atuka. Na Tanzania ilipotaka kuyasogeza mamlaka karibu na wananchi mwaka 1972, mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo halikumhitaji mkalimani. Kiswahili kilikua kwa kubisha hodi kwa jirani zake. Kikamba nacho kinaweza kubisha hodi kwa Kiswahili, ambacho ni ndugu yake wa Kibantu. Anayesema mbua na anayesema mvua, anayesema mundu na anayesema mtu, hawako mbali. Neno ugatuzi likielezwa vizuri mara tatu redioni halitasahaulika tena. Likiachwa katika Kiingereza, hata likitajwa mara mia tatu halitaingia.

Msomaji anaweza kuuliza, je, kuna hasara gani iwapo watu hawakuelewa mjadala mmoja wa Jumamosi? Hasara zipo za namna mbili.

Hasara ya kwanza ni ya amani. Pasipo na hoja, nafasi yake hujazwa na kabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na redio za lugha za mama zikatajwa miongoni mwa waliochochea. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kesi yake ilitamatishwa Aprili 2016 bila ya yeye kupatikana na hatia. Tusisahau pia kwamba Rwanda, mwaka 1994, iliuonyesha ulimwengu jinsi redio inavyoweza kuwa panga. Wapo waliohitimisha kutokana na hayo kwamba redio za lugha za mama zifungwe. Mimi sikubaliani nao. Lugha haina hatia. Sumu inaweza kutiwa katika chungu chochote. Lakini ni kweli kwamba anayezungumza na watu wa lugha moja hujihisi yuko nyumbani, na nyumbani mtu husema asiyoweza kuyasema sokoni.

Sisi wenyewe tuliyaonja hayo. Januari 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa. Jambo lenyewe lilikuwa la mazingira na la riziki: miti inakwisha, mito inakauka, na wakati huo huo kuna familia ambazo karo ya watoto wao hutoka katika tanuri la makaa. Hilo lilistahili mjadala wa majuma kadhaa. Kumbe mwezi uliofuata lori la makaa liliteketezwa kwa moto, wafanyabiashara wa Limuru wakaandamana, na katika muda wa siku chache mazungumzo yakawa ya jamii moja dhidi ya nyingine, hata Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaingilia. Miti ilisahauliwa.

Hasara ya pili ni ya haki. Katiba ya 2010 inaagiza kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kuitaka dola iendeleze lugha za watu wa Kenya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 95, inazitaka kaunti ziwafikishie watu habari kwa njia zinazowafikia wengi zaidi, na redio za kijamii zimetajwa humo kwa jina. Maana yake ni kwamba mzee wa Kibwezi ana haki kisheria ya kulielewa jambo lile. Tangazo la mkutano wa bajeti linapochapishwa kwa Kiingereza katika ukurasa wa ndani wa gazeti, haki hiyo inatimizwa kwenye karatasi tu.

Makueni inajua thamani ya jambo hili kuliko kaunti nyingi. Septemba 2014, wakati wa mvutano mkali kati ya bunge la kaunti na serikali ya Gavana Kivutha Kibwana, risasi zilifyatuliwa na watu wakajeruhiwa. Wananchi waliomba kaunti yao ivunjwe, tume ikaundwa, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Katika chanzo cha mvutano huo yalikuwemo mambo ya bajeti. Lakini ni kaunti hiyo hiyo iliyokuja kusifiwa kwa utaratibu wake wa kuwakutanisha watu kuanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti ili waamue miradi wanayoitaka. Watu waliojadiliana kijijini kuhusu kituo cha afya au bwawa hawawezi kushindwa kujadiliana redioni.

Wala mada hazikosekani. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, litakuwa na uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 600 za maji. Ni nani atakayeyapata maji hayo, kwa bei gani, na vijiji vya ng'ambo ya Kitui vina fungu gani? Mchanga, kithangathi chetu ambacho kimewagombanisha ndugu, ulitungiwa sheria na Makueni mwaka 2015. Ni wangapi wanaoijua sheria hiyo inasema nini? Makaa ya mawe ya bonde la Mui yamezungumzwa kwa miaka mingi. Je, mwenye shamba lililo juu ya makaa hayo anajua haki zake? Kila swali kati ya haya linatosha kwa Jumamosi tatu.

Mwaka 2024 tuliona kwamba jambo hili linawezekana. Mswada wa Fedha ulipofikishwa bungeni, vijana kutoka pembe zote za nchi waliuchukua, wakaufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za mama, wakaueleza kifungu baada ya kifungu kupitia simu zao. Hawakulipwa na yeyote. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia bungeni, wengine wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hangeutia saini mswada huo. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu maandamano yale. Lakini hakuna awezaye kusema tena kwamba sheria ya kodi haiwezi kuelezwa kwa lugha ya mama. Kilichonihuzunisha kidogo ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na vijana wa miaka ishirini vyumbani mwao, ilhali sisi wenye shahada za lugha, na vituo vyenye mitambo na mawimbi, tulikuwa tukitazama.

Nini kifanyike? Nina mapendekezo machache, yote yakiwa katika uwezo wetu.

Kwanza, vituo viifuate kalenda ya fedha za kaunti jinsi mkulima anavyoifuata kalenda ya mvua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeziweka tarehe wazi. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika bungeni kufikia tarehe 28 Februari; makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili; na mwaka wa fedha huisha 30 Juni. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kufikia 1 Septemba. Mjadala ukifanywa majuma mawili kabla ya kila tarehe, msikilizaji atakwenda mkutanoni akiwa na swali lake. Ukifanywa baada ya tarehe, unabaki kuwa maombolezo.

Pili, kila mjadala uwe na mtu mmoja ambaye hatafuti kura. Awe muuguzi, afisa wa kilimo aliyestaafu, mwalimu, au mama wa kikundi cha mwethya. Kazi yake iwe kuuliza, "Hilo maana yake nini?" kila neno geni linapotajwa. Swali hilo dogo likiulizwa kwa adabu humfichua asiyejua na humsaidia anayejua.

Tatu, walimu wa Kiswahili wa Kitui na Makueni wakae pamoja na watangazaji, watengeneze orodha ya maneno hamsini ya utawala na fedha, kila moja likiwa na maelezo yake kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Zipo fasiri za Kiswahili za katiba na miongozo mingi tayari. Haihitaji kuanza na kurasa tupu. Wanafunzi wa sekondari wapewe zoezi la kusikiliza mjadala wa Jumamosi na kuandika muhtasari wake Jumatatu. Watajifunza ufupisho, watajifunza uraia, na wazazi wao watashangaa kuulizwa maswali mezani.

Nne, pale ambapo mjadala unagusa kaunti zaidi ya moja, kama bwawa la Thwake au biashara ya makaa, ufanywe kwa Kiswahili na kusikika na pande zote. Kipindi cha "Sema Kenya" cha BBC, kilichoanza mwaka 2012 na kuzunguka sehemu mbalimbali za nchi kikiwakutanisha viongozi na wananchi, kilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mjadala mkali bila kumtukana mtu. Lugha ya mama itupe kina, na Kiswahili kitupe upana.

Najua walimu wenzangu wana hofu. Mwalimu wa shule ya umma haruhusiwi kukipigia debe chama cha siasa, na wengi wanaona salama ni kunyamaza. Lakini kuieleza sheria iliyopitishwa na bunge siyo kampeni. Kusema kwamba makadirio ya bajeti huwasilishwa Aprili siyo kumuunga mkono mtu yeyote. Tukijifungia madarasani kwa hofu hiyo, kipaza sauti hakitabaki bila mtu. Kitashikwa na yule ambaye faida yake ni kwamba tusielewe.

Najua pia kwamba vituo vinahitaji fedha, na kwamba kaunti zikigharimia vipindi zitataka kusifiwa. Hilo ni la kuangaliwa. Kaunti ilipie tangazo na litangazwe wazi kuwa ni tangazo. Mjadala uachwe mikononi mwa kituo na wasikilizaji wake. Akina mama wa Nthongoni walianza na vikundi vyao, siyo na mfuko wa gavana.

Mzee wa Kibwezi aliondoka kabla ya gari langu kufika. Alipokuwa akilipa chai aliniuliza mkutano wa kutoa maoni ungefanyika wapi na lini. Nilikuwa nimeueleza utaratibu wote, lakini tarehe sikuijua. Wageni wa redioni nao, katika saa yao nzima, hawakuitaja.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto wa thome hii tunao. Tukawashe na kinga zetu.